UZI: Ethanoli na maji haviitii kanuni ya Raoult, na jedwali la usawa wa bahari haliifai Arusha

Mleta uzi (Arusha)

Habari zenu wanajukwaa. Uzi huu ninaufungua kwa ajili ya wanafunzi na mafundi sanifu wa maabara walioko Arusha na Moshi, ambao huchemsha mchanganyiko wa ethanoli na maji, wakalinganisha walichokipima na mchoro wa kitabuni, wakakuta haviafikiani. Hoja yangu ni kwamba tofauti hiyo ina vyanzo viwili visivyohusiana. Kimoja kimo ndani ya kimiminika chenyewe, na kingine kimo katika hewa iliyo juu yetu. Anayevitenganisha tangu mwanzo ataweza kuvitumia vipimo vilivyochukuliwa usawa wa bahari mahali popote alipo, bila kulazimika kupima kila kitu upya.

Anayeanza kusoma msawazo kati ya mvuke na kimiminika hukutana kwanza na kanuni ya François-Marie Raoult, mwanakemia wa Ufaransa aliyeitangaza katika miaka ya 1880. Kanuni hiyo inasema kuwa kila kijenzi cha mchanganyiko huchangia kanieneo ya mvuke kwa kadiri ya sehemu yake ya moli katika kimiminika (yaani molekuli zake ni sehemu gani ya molekuli zote), ikizidishwa kwa kanieneo ya mvuke ambayo kijenzi hicho kingekuwa nayo kikiwa peke yake katika halijoto ileile. Kwa benzeni na tolueni kanuni hii hufanya kazi vizuri, kwa sababu molekuli zake zinakaribiana kwa ukubwa na kwa nguvu za kuvutana, hivyo molekuli ya benzeni haioni tofauti kubwa iwe imezungukwa na wenzake au na tolueni.

Ethanoli na maji ni habari nyingine. Molekuli za maji zimeshikana kwa vifungo vya hidrojeni katika mtandao unaoenea pande zote. Ethanoli nayo ina kundi la haidroksili linaloweza kushikana na maji, lakini inabeba pia mkia wa kaboni mbili usioweza kushiriki katika mtandao huo. Ethanoli inapokuwa kidogo ndani ya maji mengi, mwelekeo wake wa kutoka na kuingia kwenye mvuke huwa mkubwa mara kadhaa kuliko anavyotabiri Raoult. Ndiyo maana tunaongeza kizidishio cha utendaji, kinachoandikwa kwa herufi ya Kigiriki gama, na mlingano unakuwa hivi:

y1 × P = x1 × γ1 × P1

Hapa y1 ni sehemu ya moli ya kijenzi cha kwanza katika mvuke, x1 ni sehemu yake katika kimiminika, P ni kanieneo ya jumla, na P1 ni kanieneo ya mvuke ya kijenzi hicho kikiwa safi. Gama ikiwa 1, tumerudi kwa Raoult. Ikizidi 1, molekuli hazipendani na hutoroka kwa wingi. Ikipungua chini ya 1, zinashikana kuliko kawaida, kama ilivyo kwa asetoni na klorofomu, ambavyo hufungamana kimoja na kingine kiasi kwamba mchanganyiko wake huweza kuchemka kwenye nyuzijoto 64 na zaidi, ilhali asetoni safi huchemka kwenye 56 na klorofomu safi kwenye 61.

Sasa tazameni ukubwa wa kosa la kupuuza gama. Chukua kimiminika chenye sehemu ya moli ya ethanoli 0.10, yaani takribani asilimia 22 kwa uzito, na kanieneo ya kPa 101.3. Ukimfuata Raoult, utahesabu kuwa kinachemka kwenye nyuzijoto 96.8 na kwamba mvuke wake una ethanoli 0.20. Ukitumia mlingano wa van Laar wenye namba zinazochapishwa katika vitabu vya uhandisi kwa ethanoli na maji (A = 1.6798 na B = 0.9227), gama ya ethanoli inatoka 3.20, ya maji 1.03, halijoto ya kuchemka inakuwa 86.6 na mvuke unakuwa na ethanoli 0.44. Vipimo halisi vilivyochapishwa vinaangukia karibu kabisa na jibu hili la pili: kwa kimiminika cha 0.0966 vinatoa nyuzijoto 86.7 na mvuke wa 0.4375. Raoult amekosea kwa nyuzijoto 10, na kiasi cha ethanoli katika mvuke amekipunguza kwa zaidi ya nusu. Mtu akisanifu mnara wa kukenekea, yaani wa kutenganisha vimiminika kwa kuvichemsha na kuupoza mvuke wake, kwa hesabu hizo, hatapata mnara unaofaa.

Namba A na B zina maana inayoshikika. Ethanoli ikiwa imezimuliwa kabisa ndani ya maji, logi asilia ya gama yake ni A, kwa hiyo gama yenyewe ni 5.4. Maji yakiwa yamezimuliwa kabisa ndani ya ethanoli, gama yake inatokana na B nayo ni 2.5. Ethanoli ndani ya maji inapata taabu zaidi kuliko maji ndani ya ethanoli, na kutolingana huko ndiko kunakoufanya mlingano uhitaji namba mbili.

Mchangiaji wa 1 (Arusha mjini)

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa maabara na swali langu linahusu chanzo chako cha pili. Tuliandaa wenyewe mchanganyiko wa 0.10 kwa kupima uzito wa ethanoli na wa maji, tukauchemsha kwa kifaa kinachorudisha mvuke uliopoa ndani ya chupa ili uwiano usibadilike. Kipimajoto kilitulia karibu na nyuzijoto 82.5. Tulipotazama jedwali la kitabu, halijoto hiyo ilikuwa ya kimiminika chenye ethanoli karibu 0.25. Tulirudia kupima uzito na hatukuona kasoro, na kipima densiti nacho kilikubaliana na uzito. Je, tatizo ni kipimajoto?

Mleta uzi (Arusha)

Marahaba. Kipimajoto chenu ni kizima, na mchanganyiko wenu ni sahihi. Jedwali mlilotumia limepimwa kwenye kPa 101.3, yaani usawa wa bahari, ilhali mji wa Arusha uko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,400, ambako kanieneo ya hewa ni karibu kPa 86, sawa na mmHg 645.

Tufanye hesabu pamoja, kwa kuwa ndani yake ndimo ulimo msingi wa uzi huu. Kanieneo ya mvuke ya kila kijenzi kikiwa safi hutolewa na mlingano wa Antoine wa mwaka 1888: logi ya P, kwa msingi wa 10, ni A − B ÷ (C + T), ambapo T ni nyuzijoto za Selsiasi na P ni mmHg. Kwa ethanoli namba tatu hizo ni 8.1122, 1592.864 na 226.184, kwa maji ni 8.07131, 1730.63 na 233.426. Msizichanganye A na B hizi na zile za van Laar, kwa kuwa hizi zinahusu kijenzi safi na zile zinahusu mchanganyiko. Kwenye nyuzijoto 82.4 ethanoli safi ina karibu mmHg 892 na maji safi karibu 391. Zidisha ya kwanza kwa 0.10 na kwa gama 3.20, zidisha ya pili kwa 0.90 na kwa gama 1.03, kisha jumlisha: utapata mmHg 646 hivi, ambayo ndiyo kanieneo ya Arusha. Kwa hiyo mchanganyiko wenu ulipaswa kuchemka kwenye 82.4, na mlisoma karibu na 82.5.

Angalieni kilichobadilika na kisichobadilika. Halijoto imeshuka kwa zaidi ya nyuzijoto 4, lakini sehemu ya ethanoli katika mvuke bado ni 0.44, ileile ya usawa wa bahari. Gama nazo hazikuguswa, kwa sababu kwa kanieneo za kawaida kama hizi, kimiminika hakijali hewa iliyo juu yake. Gama hutegemea uwiano wa mchanganyiko, na kwa kiasi kidogo halijoto. Mahali ulipo huingia kwenye hesabu kupitia P tu. Kinachopotosha, basi, ni desturi ya kuisoma halijoto ya kuchemka kana kwamba ni kipimo cha kiasi cha ethanoli, wakati jedwali linalotafsiri halijoto hiyo ni la Dar es Salaam au Tanga na chupa inachemka Arusha. Hapo ndipo kimiminika cha asilimia 22 kwa uzito kinaposomwa kama cha asilimia 46.

Mchangiaji wa 2 (Moshi)

Mwalimu, nimefuatilia. Mimi ninafundisha kemia hapa Moshi na hatuna baromita. Nilifungua programu ya hali ya hewa kwenye simu, ikaniambia kanieneo ni hPa 1015, ambayo ni kPa 101.5. Kwa namba hiyo ningesema Moshi na bandarini ni sawa. Je, niitumie?

Mleta uzi (Arusha)

Ndugu yangu, usiitumie kabisa. Namba zinazotolewa na taarifa za hali ya hewa kwa kawaida huwa zimesahihishwa kwanza kuwa kana kwamba kituo kiko usawa wa bahari, ili watabiri waweze kulinganisha miji yenye miinuko tofauti kwenye ramani moja. Kwa mtabiri ni jambo la lazima, ila kwa anayechemsha ethanoli ni mtego. Unahitaji kanieneo halisi ya mahali ulipo.

Na unayo njia rahisi kuliko baromita. Chemsha maji yaliyokenekwa katika kifaa kilekile utakachotumia kwa mchanganyiko, acha kipimajoto kitulie, kisha ingiza halijoto hiyo katika mlingano wa Antoine wa maji. Kwa mwinuko wa mita 850 hivi, ambao ni wa sehemu kubwa ya mji wa Moshi, ninatarajia maji yachemke karibu na nyuzijoto 97, na kutokana nayo upate karibu kPa 91. Arusha ni karibu na 95.5. Faida ya pili ya njia hii ni kwamba, kama kipimajoto chako kina hitilafu ndogo isiyobadilika, hitilafu hiyo itajitokeza kwa kadiri ileile katika maji na katika mchanganyiko, kwa hiyo sehemu yake kubwa itafutika.

Mchangiaji wa 3 (Arusha)

Mwalimu, naomba unisaidie kuhusu uchaguzi wa modeli, yaani mlingano wa kukokotoa gama. Umetumia van Laar, lakini programu za kompyuta zinatupa orodha ndefu: Margules, Wilson, NRTL, UNIQUAC, UNIFAC. Wengi wetu huchagua iliyo juu ya orodha.

Mleta uzi (Arusha)

Nashukuru kwa swali hili, maana hapa ndipo kazi nyingi za wanafunzi zinapoharibika bila mtu kugundua. Programu hutoa jibu lenye desimali nyingi hata pale modeli isipofaa.

Zote unazozitaja zinajibu swali moja: gama inabadilikaje uwiano ukibadilika? Na zote zinabanwa na mlingano wa Gibbs na Duhem, unaosema kuwa gama ya kijenzi kimoja haiwezi kubadilika bila ya kijenzi cha pili kubadilika kwa namna inayolingana. Margules, mwaka 1895, alitumia mfululizo wa vipeo vya x. Van Laar alileta umbo lake mwanzoni mwa karne ya 20. Haya mawili ni mepesi kwa kikokotoo cha mkononi, na kwa ethanoli na maji van Laar anatosha kwa kazi nyingi za darasani.

Mwaka 1964 Wilson alileta wazo lenye uzito zaidi, kwamba uwiano wa molekuli zinazoizunguka molekuli moja si lazima ulingane na uwiano wa mchanganyiko mzima, kwa sababu kila molekuli huvutia jirani fulani kuliko mwingine. Modeli yake ni nzuri sana kwa alkoholi na maji, tena namba zake zina halijoto ndani yake, hivyo huhamishika vizuri zaidi kutoka kPa 101.3 kwenda kPa 86. Ina upungufu mmoja ambao lazima ukumbukwe: haiwezi kamwe kutabiri kimiminika kugawanyika tabaka mbili. Ukifanya kazi na butanoli na maji, ambavyo hujitenga tabaka mbili kwa sehemu kubwa ya uwiano wake, Wilson atakuchorea mkunjo mmoja laini na hutaambiwa kuwa kuna kasoro. Kwa kazi hiyo tumia NRTL ya Renon na Prausnitz ya mwaka 1968, au UNIQUAC ya Abrams na Prausnitz ya mwaka 1975. UNIFAC, ya mwaka huohuo wa 1975, hukadiria gama kutokana na vikundi vya atomi vinavyounda molekuli, na mahali pake ni pale ambapo hakuna vipimo kabisa. Kwa ethanoli na maji, vipimo viko tele na sioni sababu ya kuitumia.

Jaribio kali la modeli yoyote ya ethanoli na maji liko kwenye azeotropu, yaani ule mchanganyiko ambao mvuke wake una uwiano uleule wa kimiminika chake, hivyo kuchemsha zaidi hakutenganishi chochote. Kwenye kPa 101.3 vipimo vinaiweka kwenye sehemu ya moli 0.894, karibu asilimia 95.6 kwa uzito, na nyuzijoto 78.15. Van Laar kwa namba nilizotoa anaiweka karibu na 0.91. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini katika eneo hilo mkunjo wa mvuke unakaribiana sana na mstari wa kimiminika, na kila hatua ya mnara huongeza ethanoli kidogo mno. Anayehesabu idadi ya sahani (yaani hatua) za mnara wa kufikia 0.89 kwa van Laar atapata idadi pungufu. Kwa kazi ya darasani mwambie mwanafunzi aishie 0.80, kwa kusanifu mnara halisi, tumia Wilson au NRTL na uilinganishe kwanza na vipimo vya eneo hilohilo la juu.

Kuhusu programu, ile ya bure ya DWSIM inatosha mahitaji ya chuo. Ila mtumiaji mwenyewe ndiye achague modeli, na ahakikishe kanieneo iliyoandikwa ndani yake ni ya mahali alipo.

Mchangiaji wa 4 (Moshi)

Kwa kuwa kanieneo ya chini hushusha halijoto ya kuchemka, je, sisi wa nyanda za juu hatuna nafuu ya kuivuka azeotropu kwa urahisi? Na je, hesabu hizi zinafaa kwa mbege, pombe yetu ya kienyeji?

Mleta uzi (Arusha)

Kwa swali la kwanza, kimsingi uko sahihi kuwa kanieneo ikishuka azeotropu husogea kuelekea ethanoli safi, na ikishuka hadi karibu kPa 10 hutoweka kabisa. Kutoka 101 hadi 86, hata hivyo, ni hatua ndogo mno isiyoleta nafuu yoyote ya maana. Anayetaka ethanoli kavu hutumia njia nyingine, na iliyoenea viwandani leo ni chembe za zeolaiti zenye vitundu vya nanomita 0.3, ambavyo molekuli ya maji huingia na ya ethanoli haiingii. Zamani waliongeza benzeni, lakini benzeni husababisha saratani na sioni sababu ya kuifikiria katika maabara ya shule.

Kwa swali la pili, hapana. Mbege ina ndizi na ulezi, kwa hiyo ndani yake mna sukari, wanga, asidi na alkoholi nyingine pamoja na ethanoli, wakati hesabu hizi ni za vijenzi viwili tu. Tena penye asidi ya siki kuna ugumu mwingine: molekuli zake hushikana mbilimbili hata zikiwa mvuke, na gama ni sahihisho la kimiminika, haiwezi kubeba mzigo wa mvuke. Huko unahitaji sahihisho la mvuke lenyewe.

Mchangiaji wa 2 (Moshi)

Mwalimu, nimerudi. Maji yamechemka kwenye 97.2, na nimepata kutoka Antoine karibu mmHg 687. Je, kwa mchanganyiko wa 0.10 nitarajie nini?

Mleta uzi (Arusha)

Kwa mmHg 687 utarajie nyuzijoto 84.0, na mvuke wenye ethanoli 0.44. Usiishie hapo, kwa kuwa nukta moja inaweza kukubaliana na modeli kwa bahati. Andaa pia 0.30 na 0.50 kwa kupima uzito, zichemshe katika kifaa hichohicho, na kila mara chukua tone la mvuke uliopoa ulipime densiti kwenye nyuzijoto 20. Utakuwa na x, y, T na P kwa nukta tatu, na kutoka humo unaweza kuhesabu gama zako mwenyewe kwa kugeuza mlingano wa juu: γ1 = y1 × P ÷ (x1 × P1). Chora logi asilia ya γ1 ÷ γ2 dhidi ya x1. Kwa van Laar mstari huo huanza karibu na 1.68 upande wa maji safi na kuishia karibu na −0.92 upande wa ethanoli safi. Kama nukta zako ziko mbali na mstari huo, kagua kwanza kama mvuke ulikuwa ukipoa kwenye shingo ya chupa kabla ya kufika kwenye kipoozeo, kwa maana hilo huongeza ethanoli katika tone unalopima, na kifaa kisichofunikwa kwa pamba ya kuzuia joto hukumbwa nalo mara nyingi. Moto wa wazi usiwepo kabisa mezani. Tumia hita ya umeme yenye bakuli la maji. Ukishapata namba zako, ziweke hapa tuzikague pamoja.